Bwana Shamba Anajibu: Soya Ndefu, Maganda Haba

SWALI: Bwana Shamba, shikamoo. Nimelima soya ekari mbili hapa Nachingwea. Nilitawanya mbegu kilo 50 kila ekari, nikatia na urea mfuko mmoja. Sasa inafika kiunoni, imeweka maganda machache na nusu imelala. Jirani ananiambia nikate ncha. Nikate?
– Msomaji, Nachingwea

JIBU: Marahaba. Usikate. Kukata ncha hupunguza urefu iwapo kumefanyika kabla ya maua. Ukikata sasa utaondoa maganda, na vibarua utawalipa vilevile.

Kilichoiponza ni urea na msongamano. Soya hujitengenezea naitrojeni (chakula kile kile kilicho kwenye urea) kwa vinundu vya mizizini vinavyokaliwa na bakteria. Ikikuta urea tele udongoni haijishughulishi kutengeneza vinundu, inakimbilia majani na shina. Nayo miche iliyobanana hugombea jua, shina linakuwa refu na jembamba, upepo mmoja tu chini.

Msimu ujao panda kwa kamba: sentimita 50 mstari hadi mstari, 10 shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 3 hadi 5. Hiyo ni miche kama 160,000 kwa ekari, na kilo 25 za mbegu nzuri zinatosha. Nusu ya gharama yako ya mbegu imeokoka hapo hapo. Fedha ya urea nunua bakteria wa kupaka kwenye mbegu (raizobiamu wa soya, si wa maharage). Changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, jua huwaua. Wiki ya sita ng'oa miche michache, pasua vinundu: vyekundu ndani vinafanya kazi, vya kijani au kijivu havina faida. Palilia wiki ya pili au ya tatu, rudia kabla ya maua. Yakishachanua, jembe likae nyumbani.

Tarehe nayo ina neno lake. Aina ya siku 100 ikipandwa katikati ya Desemba hukomaa mwishoni mwa Machi, mvua bado ipo, na punje huota ukungu ndani ya ganda. Ikipandwa katikati ya Januari inakomaa mvua zikielekea kukatika. Ukichelewa zaidi ya hapo, ukame utaikuta ikijaza punje.

Kwa shamba la sasa, vuna sehemu iliyolala peke yake na uiweke mbali na nyingine. Maganda yaliyogusa udongo huoza, na debe moja la punje chafu hushusha bei ya gunia zima.

SWALI: Mbegu niliyoitunza mwaka jana imeota chache mno. Ilikuwa safi, haina mdudu. Kwa nini?
– Msomaji, Mtwara

JIBU: Soya ni mbegu isiyovumilia joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Vuna pale karibu maganda yote yanapokuwa ya kahawia. Ukichelewa yatapasukia shambani. Anika juu ya turubai, piga polepole, maana ngozi ya punje ni laini na kiini kiko pembeni kabisa: fimbo nzito hukiua bila wewe kuona alama. Kausha hadi unyevu wa asilimia 12 au chini, kisha funga kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Kabla ya kupanda, zungushia punje 100 kitambaa kibichi. Baada ya siku saba zikiota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Kati ya 60 na 80, ongeza mbegu. Chini ya hapo kamulia mafuta, au zikaange kwanza ndipo ulishe kuku, maana soya mbichi huwadhuru.