Maswali ya Wasomaji: Mchoraji Aliyechora Tarehe Maisha Yake Yote

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi wa kuandika mabango na majina ya mashua hapa Mikindani. Nimesoma kwamba jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, liliwahi kumfanyia onyesho kubwa mchoraji wa Kijapani ambaye kwa karibu miaka 50 alichora tarehe tu. Kuandika herufi nyeupe juu ya rangi moja ni kazi ninayoifanya kila wiki. Naomba nielezwe wazi: kazi yake inaipita yangu kwa lipi?
*Fundi, Mikindani*

Jibu: Ndugu fundi, una haki ya kuuliza kuliko wengi wetu, kwa kuwa unajua herufi iliyonyooka inadai nini mkononi. Mchoraji huyo ni On Kawara, mzaliwa wa mji wa Kariya nchini Japani, aliyehamia New York na kufariki mwaka 2014. Onyesho unalolitaja, lililokusanya kazi za maisha yake, lilifanyika kati ya Februari na Mei mwaka 2015, miezi michache baada ya kifo chake, ingawa yeye mwenyewe alishiriki kulipanga.

Tarehe 4 Januari 1966 alichora picha ambayo haikuwa na kitu ila tarehe ya siku hiyo, akajiwekea sharti ambalo hakulilegeza: picha ianzwe na kukamilishwa siku ileile inayotajwa juu yake, na saa 6 za usiku ikifika kabla haijamalizika, iharibiwe. Kitambaa kilipakwa tabaka kadhaa za rangi, kila moja ikiachwa ikauke na kusuguliwa kabla ya kupaka nyingine, kisha herufi na tarakimu zikachorwa kwa mkono, kwa rula na brashi. Rangi aliichanganya upya kwa kila picha, na ndiyo maana nyekundu, buluu na kijivu zake hazilingani kabisa kutoka siku moja hadi nyingine. Kila picha aliitengenezea kisanduku, na mara nyingi ndani yake aliweka kipande cha gazeti la mji alimokuwa. Tarehe aliiandika kwa lugha ya nchi aliyokuwamo, na palipokuwa na maandishi yasiyo ya Kilatini alitumia Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumiwe na watu wa mataifa yote. Kwa hiyo, kama angekaa siku moja Mtwara na kuchora, tarehe ingeandikwa kama tunavyoiandika sisi.

Sasa nikujibu. Kwa unyofu wa mkono sidhani kwamba anakupita. Tofauti ipo katika kile ambacho herufi zinatumikia. Jina unaloliandika kwenye ubavu wa mashua linamtumikia mwenye chombo, naye hajali kama uliliandika Jumatatu au Alhamisi, mradi lisomeke na lihimili maji ya chumvi. Herufi za Kawara hazina bidhaa wala mwenyewe wa kumtangaza. Zinashuhudia kwamba siku ile ilikuwapo, na kwamba mtu mmoja aliitumia sehemu yake kubwa kuiandika.

Ndiyo sababu naamini kwamba picha yake moja ikitundikwa peke yake ukutani haimtendei haki, na kwamba onyesho la namna ile lilihitajika ili aeleweke. Jengo la Guggenheim lina njia moja inayozunguka na kupanda kutoka chini hadi juu, na mtazamaji aliyeifuata alipita tarehe baada ya tarehe. Zilikuwamo picha za miezi 3 ya mwanzo wa mwaka 1970, kipindi ambacho Kawara alichora kila siku bila kuruka. Zipo pia picha 3 kubwa za Julai 1969, kila moja ikiwa na upana unaozidi mita 2, alizozichora siku ambazo binadamu alisafiri na kutua mwezini kwa mara ya kwanza. Hata hivyo siku hizo mashuhuri hazikupewa pambo lolote ila ukubwa; herufi ni zilezile zilizopewa siku ambazo hakuna anayezikumbuka. Jambo hilo linanigusa kuliko yote katika kazi yake.

Usidhani, hata hivyo, kwamba alichora kila siku ya maisha yake. Katika miaka hiyo 48 alifanya karibu picha 3,000, katika miji zaidi ya 100, yaani takriban siku 1 katika kila siku 6. Alikuwa na kalenda ya miaka 100 ambamo kila siku aliyoishi iliwekwa nukta ya manjano, siku yenye picha nukta ya kijani, na siku yenye picha zaidi ya moja nukta nyekundu. Siku zilizopita bila picha nazo zilihesabiwa.

Swali: Ndugu Mhariri, nafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Nasikia msanii huyohuyo aliandika vitabu vya miaka milioni moja. Vina faida gani kwa mwanafunzi?
*Mwalimu, Lindi*

Jibu: Mwalimu, faida yake naiona katika kipimo. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo ina majalada 10 yanayoorodhesha kila mwaka kuanzia 998,031 kabla ya Kristo hadi 1969, na imetolewa kwa heshima ya wote walioishi na kufa. Sehemu ya pili inaorodhesha miaka milioni ijayo. Mbele ya hadhira husomwa kwa sauti, mwanamume na mwanamke wakipokezana. Mwaka 2004 ilisomwa katika uwanja wa Trafalgar Square, London, kwa siku 7, mchana na usiku.

Kila ukurasa una miaka 500. Waonyeshe wanafunzi wako kwamba ukurasa wa mwisho, wa 1470 hadi 1969, unabeba Wareno kuivamia Kilwa mwaka 1505, vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905, na Uhuru wa 1961, ilhali ziara ya msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, huko Kilwa mwaka 1331 imo katika ukurasa uliotangulia. Kisha wapeleke Tendaguru, katika mkoa wenu wenyewe, ambako mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kuanzia mwaka 1909 ina umri wa takriban miaka milioni 150. Kuufikia umri huo kwa mwendo wa Kawara kungehitaji majalada 1,500.

Swali: Kwa nini On Kawara alikuwa akiwatumia watu telegramu za kusema kwamba bado yu hai? Je, si kujikweza?
*Msomaji wa kike, Shangani, Mtwara*

Jibu: Dada, wazee wako watakueleza jinsi telegramu ilivyotisha, kwa kuwa mara nyingi ilileta habari za ugonjwa au msiba. Kawara, kwa miaka ipatayo 30 kuanzia 1970, aliitumia njia hiyohiyo kupeleka habari kinyume chake: bado ni hai. Sioni kujikweza kwa mtu ambaye hakutoa mahojiano, hakutaka picha yake ichapishwe, na ambaye katika maelezo rasmi ya maisha yake aliruhusu kitu kimoja tu kiandikwe, nacho ni idadi ya siku alizoishi. Hesabu hiyo ilifungwa kwenye siku 29,771.