Standardbred mstaafu wa mbio na safari ya kilomita 80

Mkuu, umeuliza kama huyo farasi wa aina ya Standardbred aliyestaafu mbio za vigari, anayeuzwa bei chee, anaweza kumaliza safari ya ustahimilivu ya kilomita 80, yenye vituo vya kukagua farasi njiani, au uhangaike kutafuta farasi wa aina ya Mwarabu. Mimi ni wa Lamu, nipo Pennsylvania mwaka wa nane, kazi yangu zizini, na ninaye mmoja. Anaweza. Ila kwanza mwone akienda.

Hawa walichujwa kwa saa. Mwaka 1879 wafugaji wa Marekani waliweka kipimo cha kuandikisha farasi: maili moja kwa dakika 2 na sekunde 30, kwa matiti, yaani mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia kabisa. Ndiyo asili ya jina: “standard” ni kipimo. Karibu wote wanarudi kwa dume mmoja, Hambletonian, aliyezaliwa New York 1849.

Sasa mwendo. Wa matiti huondoa mguu wa mbele wa kushoto pamoja na wa nyuma wa kulia. Wengine huenda upande upande, miguu ya kushoto pamoja kisha ya kulia, kama ngamia. Wangu ni wa kundi la pili. Barabara ikiwa tambarare hana shida, japo unayumba kama uko kwenye dau lililopigwa wimbi la ubavu. Kwenye mawe na miteremko alikuwa akijikwaa mpaka nikawa nasali. Nilimlazia miti myembamba chini, avuke kila siku; baada ya miezi mitano matiti yakaja yenyewe. Na jihadhari na hatamu: amezoea kuegemea lijamu, kwa hiyo ukivuta ili apunguze, yeye anaongeza!

Kilichoniangusha safari ya kwanza si miguu, ni joto. Ana misuli mikubwa kuliko Mwarabu, hapoi haraka. Kituo cha pili cha ukaguzi mapigo ya moyo yalitakiwa yashuke hadi 64 kwa dakika, ndani ya dakika 30. Dakika 30 zikaisha yako 72, daktari wa farasi akatutoa. Kosa langu, nilimkimbiza mpaka mlangoni mwa kituo. Siku hizi kilomita ya mwisho nashuka, tunatembea wote, kisha namwagia maji shingoni na kifuani, nakwangua maji, namwagia tena. Mara ya pili tulimaliza kwa saa kumi, karibu wa mwisho, mapigo 56.

Kabla hujatoa hela, papasa kano za miguu ya mbele. Ukikuta joto au uvimbe, achana naye. Na tupia video akipita ubavuni, tuone ni wa matiti au wa ngamia.