Umeachwa Baada ya Mtihani wa Kazi ya Serikali? Barua Kwanza, Mahakama Baadaye

Majaji hawasahihishi mitihani. Ukienda mahakama za Milimani, Nairobi, kulalamika kwamba ulistahili alama zaidi, utarudi mikono mitupu. Wanachosikiliza ni kama utaratibu ulifuatwa: tangazo lilisema nini, kikafanyika nini, na kama waliofanya mtihani walipimwa kwa kipimo kimoja. Vifungu vya 27, 47 na 232 vya Katiba ya Kenya vinahusu hayo hasa.

Kwa hiyo orodha ikitoka na jina lako halimo, pakua siku hiyo hiyo tangazo la kazi, barua ya kukuita na orodha yenyewe, kwa sababu kurasa hizo huondolewa. Picha ya skrini pekee haitoshi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na namna nakala ilivyopatikana; ukikikosa, upande wa pili utaomba ushahidi wako utupwe.

Kisha peleka barua mbili kwa wakati mmoja kwa ofisi iliyotangaza kazi, nakala zako zigongwe muhuri wa kupokelewa. Moja iombe sababu za uamuzi, chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Wana miezi mitatu kujibu. Wakinyamaza, sheria inachukulia kuwa uamuzi haukuwa na sababu nzuri, hadi wathibitishe vinginevyo.

Nyingine itumie Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo muda wake ni siku 21. Usiandike “naomba taarifa zote.” Andika hivi: “Naomba alama zangu kwa kila sehemu ya mtihani, mwongozo wa kusahihisha, na jinsi alama za mtihani na za mahojiano zilivyojumlishwa.” Alama za wengine ziombe bila majina, wasije wakajificha nyuma ya usiri. Ukinyimwa, una siku 30 kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki za Kiutawala, West End Towers, Waiyaki Way, Nairobi.

Kazi ikiwa ya kaunti, usikimbilie mahakamani. Rufaa huenda kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Inauma kuona kesi yenye haki ikitupwa kabla ya kusikilizwa kwa sababu tu hatua hii ilirukwa, na hutokea mara nyingi mno.

Rekodi ndizo zinazobeba kesi. Mwaka 2014 IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ilikuwa na waangalizi wake kwenye vituo vya kuajiri polisi, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta zoezi hilo la kuajiri watu 10,000. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2015.

Ukifika Mahakama ya Uajiri na Leba, kila kifungu unachotaja kieleze kilivunjwa vipi na nani. Kesi ya Anarita Karimi ya 1979 bado hutumiwa kuangusha maombi ya jumla jumla. Omba amri ya muda ya kusimamisha uajiri kabla barua za kuajiriwa hazijatolewa. Na uwashirikishe waliochaguliwa kama wahusika wenye maslahi, maana jaji atasita kumwondoa kazini mtu ambaye hakupewa nafasi ya kujitetea.