Re: Miezi saba tangu ajali ya bodaboda, muundi haujaunga

Pole sana mkuu. Nimekusoma: umewekewa chuma ndani ya muundi, mwezi wa saba huu, na eksirei bado inaonyesha ufa. Mimi si daktari, ila nimepita humohumo, mguu wa kushoto.

Kabla ya yote, hakikisha hakuna usaha ndani. Kovu likitoa majimaji, omba vipimo vya damu vya CRP na ESR, vinavyosaidia kugundua maambukizi. Langu lilikuwa na kitundu kama cha sindano, kinalowesha soksi kila asubuhi. Miezi miwili naambiwa ni jasho. Jasho gani la upande mmoja?

Sigara acha, usinune. Inabana mishipa ya damu, na muundi huko chini karibu na kifundo hauna nyama ya kuulisha. Sukari pima. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu unayomeza kila siku, mtajie daktari, inaweza kuchelewesha mfupa kuunga.

Pakiwa safi, wakati mwingine wanatoa skrubu moja tu ya hicho chuma ili ncha za mfupa zikandamizane ukikanyaga. Mimi ilibidi wachonge mfupa uliokufa mpaka wafike unaotoa damu, nikamezeshwa antibiotiki wiki sita, ndipo wakapandikiza mwingine kutoka nyonga. Nyonga iliniuma kuliko mguu!

Yule mchuaji anayetaka kukunyoosha, achana naye. Kliniki nenda na eksirei zote tangu ya kwanza, maana daktari anazilinganisha: kama miezi mitatu hakuna badiliko lolote, muulize waziwazi kuhusu kupandikiza.