Fundi wa Joto Hutafutwa Kipupwe

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na salamu za wajukuu zimefika. Unaniuliza hivi: kwenye kampuni yako ya kufunga na kutengeneza AC hapo Dar una watu 7, yaani mafundi watano, mhasibu na dereva. Joto lililopita liliwalemea mpaka mkawa mnakataa wateja wa Mbezi na Tegeta. Sasa uongeze mafundi wanne kwa mpigo, au usubiri Desemba uone simu zitakavyolia?

Ajiri wawili, na uwaajiri Agosti hii.

Desemba umechelewa. Watu wa Dar hukumbuka kuwa AC haipozi siku joto linapowatoa jasho usingizini, na siku hiyo kila fundi wa maana ameshashikwa. Utapata aliyebaki, umtume kwa mteja kesho yake bila kujua kama anapima gesi au anakisia. Sasa hivi kazi nyingi ni za kusafisha na kukagua, kwa hiyo mgeni ana nafasi ya kumfuata fundi wako mkuu na kuharibu vitu vidogo vidogo bila kukuharibia jina.

Kwa nini wawili? Kabla ya kuhesabu vichwa, hesabu kazi. Toa daftari la oda za Desemba hadi Machi, andika kila kazi ilikula saa ngapi, foleni ikiwemo. Kufunga AC Masaki si sawa na kufunga Kigamboni, kirikuu, kile kigari chenu cha mizigo, kikiwa kwenye foleni ya pantoni. Nahisi utakuta nusu ya siku za mafundi wako huishia barabarani. Hilo ni tatizo la ratiba, na fundi wa sita hatalitibu.

Halafu hesabu likizo, ambayo vijana wengi wenye kampuni huisahau. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Mafundi watano ni siku 140, zaidi ya miezi minne ya fundi mmoja! Zipange sasa, kipupwe, wasije wakakuomba wote Januari.

Kwenye pesa, usihesabu mshahara peke yake. Ukimlipa fundi shilingi 600,000 kwa mwezi, mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 60,000, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 3,000. Wawili wanakula 1,326,000 kwa mwezi. Agosti hadi Novemba, kabla joto halijaanza kuwalipa, ni 5,304,000, na hapo bado geji, pampu ya vakyumu, drili na ngazi. Kama fedha hiyo haipo benki leo, anza na mmoja.

Tena ukiongeza wanne mnakuwa 11. Mwajiri mwenye watu 10 au zaidi anaingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, nayo mwajiri huilipa kwa hesabu ya mishahara ya wote, si ya wageni tu. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, mhasibu aangalie kiwango cha mwaka huu wa fedha. Sikufundishi kukwepa. Ukifika 10 lipa, ila uvuke mstari huo kwa kujua, si watu wa kodi, TRA, waje wakujulishe.

Mafundi uwatafute chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe; waulize walimu kijana gani alikuwa wa mwisho kutoka karakana. Walimu hawa wanajua mambo ambayo cheti hakisemi. Umpe kila anayekuja AC mbovu na saa moja, kisha ukae kimya umtazame. Mie katika utumishi sikuwahi kuamini usaili wa maneno matupu, hasa kwa mtu wa mikono. Mkataba wa maandishi asaini kabla hajashika spana. Januari ukizidiwa, chukua deiwaka, kibarua wa kutwa, wa kubeba na kutoboa kuta, lakini gesi isiguswe na deiwaka.

Shangazi yako amenipigia kuhusu mwanawe wa Korogwe. Nimemwambia aje afanye jaribio la saa moja kama wengine, na akishindwa mimi ndiye nitakayempigia shangazi, si wewe. Jumapili njoo na lile daftari la oda, tukae na mhasibu wako kama ana nafasi.

Mama yako