Pampu ya chambo hai kwenye kayaki: betri inakata baada ya saa mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Sahare, Tanga. Nilinunua kayaki ya plastiki ya mtumba, urefu mita 3 na nusu, nikaifungia ndoo ya lita 25 nyuma ya kiti ya kuwekea vibua hai. Maji nayavuta kwa pampu ya kutolea maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya chombo) iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, volti 12, na betri ni ya bodaboda, ampea 7. Nikitoka saa 12 alfajiri, ikifika saa 2 pampu imezubaa, na saa 3 vibua wanaanza kupindua matumbo juu. Kolekole wenyewe ndiyo kwanza wanaanza kula! Kuna mtu ananiuzia betri ya gari, N50, imetumika kidogo. Niichukue?

JIBU: Marahaba. Usiichukue, na nitakueleza kwa nini. Ila kwanza tuiangalie hiyo pampu, maana ndiyo inayokula umeme wote.

Galoni inayoandikwa kwenye pampu hizi ni ya Kimarekani, lita 3.8 hivi. Galoni 500 ni karibu lita 1,900 kwa saa, na hapo maji hayapandishwi popote. Kwako yanapanda kutoka chini ya tezi, yaani nyuma ya chombo, hadi mdomo wa ndoo, yanapita kwenye mpira mwembamba, basi tuseme unapata lita 20 kwa dakika. Maana yake ndoo yako ya lita 25 inabadilishiwa maji karibu kila dakika. Kibua hana haja na maji mengi kiasi hicho. Anachopata ni mkondo wa kupigana nao tangu alfajiri, hana pa kupumzika. Kesho wakianza kupinduka, mshike mmoja umtazame pua. Ikiwa nyekundu, na juu ya maji kuna magamba yanayoelea, huyo alikuwa anagonga ukuta wa ndoo na alishachoka kabla betri haijakata.

Sasa umeme. Pampu ya ukubwa huo hula ampea 2 hadi 2.5. Zile 7 zilizoandikwa kwenye betri ni ampea-saa, yaani ampea mara saa, na zilipimwa umeme ukitolewa polepole, kwa saa 10 au 20. Ukiuvuta kwa kasi ya pampu yako unapata pungufu. Tena betri ya bodaboda imetengenezwa kwa kazi ya kuwasha injini: inatoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha injini inaurudisha. Ukiikausha kila siku, sahani zake za risasi zinaharibika haraka, na baada ya wiki chache ile 7 inakuwa 4. Saa zako mbili zinaingia sawasawa katika hesabu hiyo.

N50 ingekupa saa nyingi, sikatai. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 10, na ndoo ya lita 25 za maji ya bahari tayari ni kilo 25 na kitu. Zote nyuma ya kiti. Omo, yaani mbele, itanyanyuka, tezi itazama, na siku ya kusi wimbi litakupandia kwa nyuma. Tena betri nyingi za gari zina tindikali ya maji ndani. Kayaki inapinduka, ndugu yangu, hata kwa aliyezaliwa pwani. Sitaki uwe ndani ya maji huku tindikali inamwagika karibu na uso wako na chuma cha kilo kumi na kitu kinaning'inia kwenye kamba. Hiyo biashara iache.

Dawa ni kuipunguzia pampu kazi. Tafuta taima ya volti 12 inayojirudia yenyewe, zile zinazowasha na kuzima kwa muda unaoupanga. Mafundi wa vifaa vya kielektroniki wanazo, na bei yake iko chini sana ya betri. Ipange iwashe sekunde 30, izime dakika 2 na nusu. Kila dakika 3 utaingiza lita 10, yaani ndoo nzima inabadilishwa mara 8 kwa saa, na hiyo inatosha kwa vibua wachache. Pampu inafanya kazi sehemu moja tu kati ya sita za muda, hivyo wastani wa ampea 2.2 unashuka hadi chini ya 0.4. Saa 7 za uvuvi zitakula karibu ampea-saa 3.

Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi ikiwa inaelekea kwisha na maji yana joto, ongeza. Maji ya bahari ya nyuzi 30 yakishiba hewa hubeba miligramu 6 hivi tu za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 yanazidi 7. Na samaki akiwa kwenye maji ya moto anapumua zaidi, kwa hiyo anaumia mara mbili. Hapo washa dakika 1, zima dakika 2. Matumizi yatafika kama ampea-saa 5 kwa saa 7. Hesabu na samaki pia: mimi huweka kibua mmoja wa urefu wa kiganja kwa lita 2 hadi 3. Ndoo yako ni ya vibua kumi, basi. Ukitia thelathini hakuna betri itakayowaokoa.

Kwa betri, ukijaliwa pesa nunua lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12, ampea-saa 10. Ina uzito wa kilo moja na kitu, na unaweza kuitumia karibu yote bila kuiumiza. Chaja iwe ya lithiamu, inayofika volti 14.4 hadi 14.6. Usiichaji kwa chaja ya betri za gari yenye hatua ya kusafisha sahani, kwa sababu volti zake zinaweza kupanda kupita kiasi. Kama mfuko hauruhusu, chukua betri mbili za risasi zilizofungwa, za ampea-saa 7 kama zile za UPS (kifaa cha akiba ya umeme wa kompyuta). Kilo 2 na zaidi kila moja, hazimwagiki. Ziwe mpya na za aina moja, ziunganishe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na kila siku tumia nusu tu ya uwezo wake. Ukizichaji, fungua kisanduku unachozihifadhia. Betri ya risasi ikichajiwa inaweza kutoa hidrojeni, na kisanduku kisichopitisha maji hakipitishi na gesi hiyo.

Sasa nikuombe uitazame nyaya yako, maana hapa ndipo wengi wanapolaumu betri bure. Niliwahi kuletewa pampu "mbovu" na mvuvi wa Deep Sea, Tanga. Nikaweka mita kwenye betri: volti 12.4. Nikaweka kwenye pampu ikiwa inazunguka: 10.9. Kiungio kilikuwa kimefungwa kwa utepe mweusi, kizuri kwa macho. Nilipoubandua, shaba ilikuwa unga wa kijani, na nyuzi tatu tu ndizo zilizokuwa bado zimeshika. Utepe hauzuii maji ya chumvi; unayafungia ndani yakae. Tumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, na ukipata uliopakwa bati ni bora zaidi. Kiungio kibane kwa koleo lake, kisha kivalishe mpira wa kusinyaa kwa joto ule wenye gundi ndani. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya shubiri moja kutoka betri, ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu. Usiiache hata kama pampu ni ndogo: waya ukigusana bila fyuzi, betri ya lithiamu inaweza kuwasha moto ndani ya kisanduku cha plastiki ulichokipa mgongo.

Taima inataka mambo mawili kwenye mabomba. Maji yaingie kwa juu, mdomo wa mpira ukiwa juu ya usawa wa maji ya ndoo. Pampu hizi hazina vali; mdomo wa mpira ukizama, pampu ikizima maji yanarudi baharini kwa njia ile ile, na utakuta vibua wamelala kwenye plastiki kavu. Pili, mpira upande moja kwa moja toka pampu hadi ndoo, usijikunje. Kwenye kunjo hewa inanasa, na pampu itanguruma bila kuvuta tone. Pampu yenyewe ikae chini ya maji kwa kiasi cha kiganja hata wimbi likinyanyua tezi. Tundu la kufurikia litoboe juu, ili ndoo ijae karibu na kifuniko. Ndoo iliyojaa nusu ndiyo inayoyumbisha kayaki.

Ukitia nanga, zima kila kitu. Teremsha vibua ndani ya tenga ubavuni mwa chombo, wapumue bahari yenyewe. Pakiwa na mzia wasubirishe ndani ya ndoo, taima ikiendelea.

Kuna jambo hukuuliza lakini wewe wa Sahare litakugusa. Wakati wa masika, mito ya Zigi na Mkulumuzi ikishusha maji ya udongo ghubani, maji ya juu yanakuwa na chumvi kidogo, na pampu yako inavuta hayo hayo ya juu. Ukipita kwenye maji ya kahawia, zima taima mpaka uyavuke. Kwa dakika hizo uwe na pampu ndogo ya hewa ya USB kwenye pawabenki. Ya miliampea-saa 10,000 inaiendesha saa nyingi, ila ijaribu kwanza nyumbani, kwani baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno.

Kabla ya kuingia nayo majini, fanya jaribio moja ufukweni. Jaza ndoo, pampu iwe kwenye beseni la maji ya bahari, washa taima asubuhi uiache saa 7. Kisha zima, betri ipumzike nusu saa, pima. Za risasi zikisoma volti 12.2 au zaidi, bado una nusu. Chini ya hapo, usitoke nazo. Lithiamu usiipime hivyo, volti zake hazishuki mpaka karibu na mwisho; iache iendeshe taima mpaka ikate yenyewe, uhesabu saa.