Vidoti vinavyoelea machoni: vipi uvivumilie, vipi vikukimbize hospitali

Kama ukiangalia ukuta mweupe au anga mchana unaona vidoti vyeusi au vinyuzi vinapita, ukivifuata vinakimbia, usianze kuwaza umerogwa au unapofuka. Mimi ninavyo miaka sasa, jicho la kulia kuna kimoja kimejikunja kama unywele, nikisoma kwenye simu kinakaa juu ya maandishi, nikigeuza jicho haraka kinayumba halafu kinashuka taratibu.

Nyuma ya lenzi jicho limejaa ute mzito, karibu asilimia 99 ni maji tu, kinachobaki ni vinyuzi vyembamba vya kolajeni na vitu vingine vidogo. Umri ukisogea ule ute unaanza kuwa majimaji, vinyuzi vinashikana, mwanga ukiingia kivuli chake kinaangukia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, yani unachokiona ni kivuli ndo maana hakikamatiki. Sisi tusioona vya mbali bila miwani vinatuwahi. Mtoto wa jicho ni kitu kingine kabisa, ukungu wake uko kwenye lenzi yenyewe, haukimbii popote, unafifisha kila kitu na taa za magari usiku zinatawanyika.

Matone ya duka la dawa hayaviondoi. Na jamani msijitilie matone yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) bila daktari, ukiyatumia muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta huo huo mtoto wa jicho. Upasuaji wa kutoa ute upo ila madaktari wengi hawaukimbilii kwa vidoti vya kawaida, wanakwambia ubongo utazoea, na kweli siku nyingi mimi sivioni mpaka nivitafute.

Sasa sikilizeni hapa. Watu wengi wakishavuka miaka 50 na kitu ule ute unaachana na retina, wengi unaachia salama ila kwa wachache unaivuta mpaka inachanika, maji yanapenya chini yake na retina inabanduka. Vidoti vipya vingi kwa mpigo, miale kama radi pembeni hata ukiwa gizani, kivuli kama pazia linashuka au linapanda upande mmoja, hapo ni leo leo, usisubiri Jumatatu. Haiumi, ndo inavyowaponza watu. Ikiwa imechanika tu wanaiziba kwa leza na unarudi nyumbani, ikishabanduka ni upasuaji na muda unahesabika. Mwenye sukari akiona ukungu mwekundu au weusi wa ghafla inaweza kuwa damu imevuja ndani, na jicho likiwa jekundu, linauma na haliwezi mwanga, usilitibu nyumbani.

Ukifika usikubali kusomeshwa herufi ukutani ukaruhusiwa. Waombe wakutilie dawa ya kupanua mboni waangalie retina mpaka pembeni, kwa Dar hata hospitali ya CCBRT wanafanya, Moshi kuna hospitali ya KCMC. Ile dawa inakuachia ukungu wa karibu na jua linachoma masaa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe, nenda na mtu na miwani ya jua.

Na nyumbani ziba jicho moja uangalie kwa lingine, halafu badilisha. Mkiangalia kwa yote mawili lile zima linalificha bovu.